Usahihi na Uthabiti: Dhana Mbili Katika Ukaguzi wa Vipimo vya Vumbi la Hewani

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kawaida, neno usahihi hubebeshwa maana mbili: kuukaribia ukweli na kutobadilikabadilika. Sayansi ya vipimo huzitenganisha maana hizi. Katika makala haya, ya kwanza inaitwa usahihi na ya pili uthabiti. Tofauti yake inabainishwa kwa kuangalia jinsi maabara zipimazo chembechembe za hewani zinavyokaguliwa nchini Marekani.

Upimaji

Chembe zinazolengwa, PM2.5, zina kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Chujio hupimwa uzito likiwa safi, hewa ipatayo mita 24 za ujazo hupitishwa humo kwa saa 24, kisha chujio hupimwa tena. Ongezeko la uzito hugawanywa kwa ujazo wa hewa. Ongezeko likiwa maikrogramu 360, jibu ni 15 kwa kila mita ya ujazo, kikomo cha wastani wa saa 24 kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Kosa la maikrogramu 24 tu hulisogeza jibu hilo kwa 1. Haba na haba hujaza kibaba.

Isitoshe, unyevu huathiri uzito wa chujio na umeme tuli huitatiza mizani. Ndiyo sababu chujio huwekwa kwa saa 24 au zaidi katika chumba chenye nyuzijoto 20 hadi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 kabla ya kupimwa.

Ukaguzi

Maabara ya ukaguzi hupima machujio pamoja na vipande vya chuma, kisha huvituma kwa maabara nyingine bila kufichua uzito wake. Vikirejeshwa, hupimwa upya ili kuhakikisha kuwa havikubadilika njiani. Chuma hakinywi unyevu. Kwa hiyo, maabara ikikosea chuma na chujio, mizani ndiyo hushukiwa. Ikikosea chujio pekee, hushukiwa hali ya chumba au umeme tuli.

Mfano

Chukulia kipande cha miligramu 200.000. Maabara ya kwanza inapata 200.020, 200.021 na 200.020: ina uthabiti, haina usahihi. Ya pili inapata 199.990, 200.012 na 199.998: wastani wake ni sahihi kabisa, lakini haina uthabiti. Ipi ina hatari zaidi? Kwa kuwa kinachotafutwa ni tofauti ya mipimo miwili, kosa la maabara ya kwanza hujifuta lisipobadilika kati ya mpimo wa kwanza na wa pili. Kosa la maabara ya pili halina mwelekeo, nalo huweza kuongeza au kupunguza vumbi ambalo halikubadilika.

Hitimisho

Ripoti itakayosema tu kwamba maabara zote mbili "hazina usahihi" itamficha msomaji jambo analohitaji kujua: iwapo kosa linaweza kurekebishwa kwa kutoa kiasi kilekile kila mara, au mipimo yenyewe haitegemeki. Hivyo, mfasiri na mwanaistilahi hawana budi kuipa kila dhana neno lake na kulishikilia neno hilo tangu mwanzo wa matini hadi mwisho. Afya ya wanaovuta hewa hiyo hutegemea tarakimu hizo, na tarakimu hutegemea maneno yanayozieleza.