SOMO: Kukopa kwa Muda Mfupi ili Kulipa Deni la Zamani

Mkulima wa majani chai anajua Julai ilivyo. Bonasi huja Oktoba, lakini karo haingoji. Basi anakopa kikundini shilingi 20,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na Oktoba analipa 26,000. Hakuna ubaya, mradi bonasi ije. Ikija ndogo, naye akakope 26,000 ili alipe zile za kwanza, Januari anadaiwa 33,800. Na shamba ni lile lile!

Serikali nayo hukopa hivyo. Bondi ni mkopo wa miaka mingi. Hati za Hazina ni za siku 91, 182 au 364, na Benki Kuu huziuza kila wiki. Mnunuzi hutoa pesa pungufu ya zilizoandikwa. Siku zikiisha anapokea zote, na tofauti hiyo ndiyo riba tunayoilipa sisi kwa kodi. Kodi huingia kidogo kidogo, bali siku ya kulipa bondi haisogei. Kwa hiyo hati huziba pengo. Shida huanza hati mpya inapouzwa ili kulipa ya jana, maana riba ikipanda, inalikuta deni lote mlangoni. Wazee watakumbuka 1993, riba ya siku 91 ilipopita asilimia 70.

Mfano wa karibuni ni huu. Mwaka 2014 Kenya ilikopa ng'ambo kwa bondi, na dola bilioni 2 zilitakiwa Juni 2024. Riba ilikuwa asilimia 6.875. Wakati wa kukopa, dola moja ilikuwa kama shilingi 88. Januari 2024 ilifika kama 160. Februari 2024 serikali ikauza bondi nyingine ya dola bilioni 1.5, kwa riba ya karibu asilimia 10, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Shilingi ikapata nguvu, watu wakapumua. Lakini deni lilisogezwa tu, hadi 2029, 2030 na 2031, tena kwa riba ya juu zaidi.

Je, Kericho na Bomet? Katiba ya 2010, kifungu cha 212, hairuhusu kaunti kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na kibali cha bunge la kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaongeza kwamba mkopo wa muda mfupi usizidi asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa, na ulipwe ndani ya mwaka. Mimi naona hata vikundi vyetu vingeiga hiyo.

Kwa majadiliano, mweka hazina alete kitabu. Mwaka huu, ni mikopo mingapi ilichukuliwa ili kulipa mikopo mingine?