Dondoo muhimu: Mtoto mkubwa kwenye maombi ya kuhamia Kanada

Kanada humhesabu mtoto kuwa tegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hana mwenzi. Wengi hukwama kwenye tarehe.

1. Usitegemee siku uliyofungua wasifu wa Express Entry (mfumo wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi): umri wa mtoto huhesabiwa kufikia siku maombi kamili ya ukaazi yanapopokelewa.
2. Kagua kila fomu. Zikirudishwa kwa upungufu na mtoto akatimiza 22 kabla hujaziwasilisha tena, amekosa nafasi.
3. Mtaje hata asiyesafiri, naam, hata wa nje ya ndoa, na apimwe afya. Ukimficha, kumdhamini baadaye huenda kusiwezekane.
4. Harusi ya mtoto isubiri ukaazi utoke, kwani lazima abaki bila mwenzi hadi hapo.
5. Aliyefikisha 18 atafute cheti cha polisi mapema.
6. Wa 22 na zaidi hukubaliwa tu ikiwa maradhi au ulemavu umemfanya tegemezi tangu kabla ya umri huo.