Phoenix Alfajiri: Vidokezo 6 vya Kutembea Jangwani kwa Kundi, Mbali na Msongamano

Unaishi Phoenix, Arizona, au umekuja kuwaona ndugu? Basi jangwa liko mlangoni. Shida ni kwamba kila mtu hukimbilia mlima Camelback, akazunguka weee akitafuta pa kuegesha gari, kisha akapanda foleni hadi kileleni. Foleni si tuliziacha mjini? Haya, twende kwingine.

1. Ipe Camelback kisogo
Hifadhi ya McDowell Sonoran, Scottsdale, ina njia za zaidi ya kilomita 300, na kiingilio ni bure. Anzieni Brown's Ranch, kaskazini: kuna njia nyingi zisizo na mwinuko mkali, hata shangazi mwenye goti bovu hatalalamika (sana). Mkiwa kusini, jaribuni South Mountain. Ni zaidi ya hekta 6,000, kwa hiyo mkisogea mbali kidogo na maegesho makuu mnabaki na kware, sungura na michoro iliyochongwa miambani na Wahohokam wa kale. Tazameni, pigeni picha, msiguse.

2. Jua kali lisiwakute njiani
Juni jua huchomoza kama saa 11:20 alfajiri. Muwe mmeshafunga kamba za viatu! Saa 2 iwakute mnarudi garini. Joto la huko si la mchezo: mwaka 2023 jiji lilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Novemba hadi Machi mnaweza kulala zaidi kidogo. Na kwenye ujumbe wa kundi, andika saa kwa hesabu zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mama aliyekulia Bukavu na mwanawe aliyesomea Phoenix hawaisomi "saa 12" namna moja.

3. Maji nusu, geuka
Wakati wa joto, beba lita moja ya maji kwa kila saa ya kutembea. Maji ya mtu yeyote yakifika nusu ya akiba yake, kundi zima linageuka, hakuna mjadala. Usiku uliotangulia, jaza chupa moja nusu, ilaze kwenye friza, kisha asubuhi iongeze maji. Karanga za chumvi zitafaa pia.

4. Usisahau chanuo
Ndiyo, lile la nywele! Kuna dungusi aitwaye cholla, ambaye vipande vyake hung'oka kwa kuguswa kidogo tu. Ndiyo maana watu huapa kwamba anaruka. Haruki, ni wewe umempitia karibu. Kipande kikikunasa mguuni, usikishike kwa mkono, maana sasa utakuwa umenaswa mara mbili na wenzako wanacheka. Pitisha meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, hakikisha hakuna aliyesimama upande kitakakorukia, kisha kibetue kwa nguvu. Miiba iliyobaki ing'oe kwa kibano. Chanuo la meno mapana ndilo bora.

5. Mwenye mbio akae nyuma
Anayetembea polepole atangulie, yeye ndiye spidi ya kundi. Yule bingwa wa mazoezi mpe kazi ya kufunga msafara, na maji ya ziada abebe yeye. Kila njia panda, simameni mhesabiane. Mkikutana na farasi, wapisheni.

6. Zima spika
Nyoka wa huko wana ungwana: baadhi hutikisa mkia ukalia kama kayamba kukuonya usisogee. Sasa ukiwa umefungulia bongofleva mpaka mwisho, utamsikia saa ngapi? Ukisikia mlio, simama, mtafute kwa macho, rudi nyuma taratibu, mwache apite. Usiingize mkono kwenye mwanya wa jiwe wala kukaa juu ya mwamba kabla ya kuuchungulia. Muziki una nafasi yake: maegeshoni, baada ya matembezi, chai ya chupa na mandazi vikizungushwa.