Kipepeo na Mimea Inayomlea

Kipepeo aitwaye Danaus chrysippus, mwenye mabawa ya rangi ya machungwa, huonekana sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Maisha yake yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili.

Jike hutaga yai mojamoja juu ya mimea yenye utomvu mweupe, kama vile Calotropis procera na Gomphocarpus physocarpus. Kiwavi, mwenye milia myeusi, myeupe na ya manjano, hula majani ya mimea hiyo. Mingi kati yake ina sumu inayodhuru moyo. Sumu hiyo haimdhuru kiwavi, bali huhifadhiwa mwilini mwake hata awapo kipepeo. Ndege amlaye huweza kutapika, na tangu hapo akaiepuka rangi ile.

Pupa hali chochote. Huning'inia kichwa chini ya jani au kijiti.

Kipepeo kamili hufyonza mbochi wa maua ya aina nyingi. Dume, zaidi ya hayo, hufyonza kemikali katika mimea iliyonyauka ya Heliotropium na ya jamii ya marejea, akaitumia kutengeneza harufu ya kumvutia jike.

Basi bustani ya maua peke yake haitoshi. Mimea ya utomvu ikifyekwa yote kwa kudhaniwa magugu, mbochi utabaki, lakini kiwavi hatakuwa na chakula, na kizazi kitakatika.

Zoezi: Wanafunzi wachunguze majani ya mmea mmoja kila siku kwa majuma matatu na kuandika mabadiliko. Tahadhari: utomvu usiingie machoni.