Somo Lisiloandikwa Chuoni

Mwaka 1930 Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri wa Ujerumani, alikwenda New York kusoma elimu ya Mungu. Mafundisho ya chuo hayakumshibisha. Lakini Frank Fisher, mwanafunzi mweusi, alimpeleka Harlem katika kanisa la Wabaptisti. Huko akafundisha shule ya Jumapili, akaiona Injili kati ya watu waliodharauliwa. (Ndilo somo kubwa alilolipata ng'ambo.)

Alirudi kwao mwaka 1931. Wayahudi walipoanza kuteswa mwaka 1933, akanena kwa ajili yao. Mwaka 1939 alialikwa tena Marekani, apate kuepukana na vita. Hakumaliza mwezi, akarudi kwa ndugu zake. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Walimu, someni Waebrania 11:24-26, mkaulize: ni nini kilichomrudisha?