Faida Iwe Kwenye Bei, Isiwe Kwenye Gorogoro
(Somo kwa vikundi vya akina mama, wakulima na jumuiya ndogo ndogo)



Katika kazi yangu ya kutembelea vikundi hapa Ndhiwa, nasikia malalamiko mengi juu ya bei ya mahindi. Lakini ni mara chache nasikia mtu akilalamika juu ya kipimo. Bei tunaisikia kwa masikio, kwa hivyo tunabishana nayo. Kipimo kinapita mbele ya macho yetu na tunanyamaza. Somo la leo ni juu ya kile kinachopita mbele ya macho.

MCHEZO MFUPI

Watu wawili waigize. Wengine watazame bila kuingilia.

(Ni mwezi wa Agosti. Mama ameketi mbele ya nyumba na gunia moja la mahindi. Mnunuzi anafika kwa pikipiki, amebeba gorogoro yake mwenyewe.)

MNUNUZI: Hodi mama. Nimesikia unauza mahindi.

MAMA: Karibu mwanangu. Ninayo haya tu, ni ya karo. Shule zinafunguliwa.

MNUNUZI: Leo nanunua gorogoro shilingi mia moja. Huko sokoni hupati hiyo bei.

MAMA: Sawa. Wacha nilete gorogoro yangu.

MNUNUZI: Ya nini, mama? Hii yangu ndiyo natumia kila mahali. (Anaanza kupima. Anajaza mpaka kilele kinamwagika.) Jaza, mama, jaza. Hiyo ndiyo desturi.

MAMA: (Gunia limeisha.) Mbona zimetoka thelathini na tano? Nyumbani nilipima arobaini.

MNUNUZI: Pengine ulikosea kuhesabu. Mama, wewe ni kama mzazi wangu, nitakudanganyaje?

(Mama anapokea shilingi 3,500. Ananyamaza.)

(Sasa ni mwezi wa Mei. Ghala ni tupu. Mama yuko sokoni kununua mahindi. Muuzaji anapima na gorogoro iliyobonyezwa chini, na anasawazisha juu kwa kiganja.)

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Tumeona nini katika mchezo huu?
2. Je, haya yanatokea kwetu? Yanatokea wakati gani zaidi?
3. Kwa nini mama alinyamaza?
4. Amepoteza nini?

TUPIGE HESABU

Tusiogope hesabu. Kwa gorogoro yake mama alikuwa na 40. Mnunuzi alihesabu 35. Kwa shilingi mia moja kila moja, shilingi 500 zimepotea hapo hapo mlangoni. Sasa tuseme mnunuzi anauza gunia lile lile kwa mkebe uliobonyezwa, nalo linatoa gorogoro 45. Amepata gorogoro 10 ambazo hakulipia hata senti.

Namba hizi ni za mfano tu. Lakini kila kikundi nilichofanya nacho zoezi hili, kuna mama aliyesema polepole, "Kumbe ndiyo sababu." Shilingi mia tano ni daftari na kalamu, au ni sehemu ya ile karo ambayo mtoto anarudishwa nyumbani kuifuata.

GOROGORO NI NINI HASA?

Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili. Ulitengenezwa kupima mafuta, haukutengenezwa kupima nafaka. Mkebe mmoja ukijaa mahindi, maharagwe au wimbi, uzito hauwi sawa. Tena mkebe hubadilika umbo. Ukigongwa chini kutoka ndani unatokeza, unabeba zaidi. Ukibonyezwa kutoka nje unabeba kidogo. Kilele nacho kinategemea mkono wa anayepima.

Mizani haina kilele. Kilo ni kilo, awe anayepima ni tajiri au maskini.

SHERIA INASEMAJE?

Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Kwa sheria hii, mizani inayotumiwa kwa biashara lazima ikaguliwe na kupigwa mhuri na maofisa wa serikali kila mwaka. Kutumia kipimo cha udanganyifu katika biashara ni kosa, mtu anaweza kushtakiwa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya, usalama na mali yake, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ilipitishwa mwaka wa 2012. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, biashara ya haki sokoni ni jukumu la serikali ya kaunti. Sisi wa Ndhiwa tunapeleka malalamiko Homa Bay, na jirani zetu wa upande wa pili wanayapeleka Migori.

Na kabla ya sheria hizi zote, Kumbukumbu la Torati 25 ilikataza mtu kuweka vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei ili wawale maskini. Kwa hivyo ujanja huu si mpya, na Mungu hajauzoea.

TUSEME UKWELI WOTE

Mnunuzi si shetani. Analipa usafiri, na mvua ikinyesha sote tunajua barabara zetu za udongo mweusi zinavyokuwa. Anastahili faida. Lakini faida iwe kwenye bei, ambapo sote tunaiona na tunaweza kubishana nayo. Isifichwe chini ya mkebe.

Na sisi wakulima je? Kuna anayeuza mahindi ambayo hayajakauka ili yawe mazito. Kuna anayeweka mazuri juu ya gunia na yaliyooza chini. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi yanaota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumu ya aflatoksini inayoua watu. Huo pia ni udanganyifu, tena wa hatari. Hatuwezi kudai mizani ya haki huku tukiuza gunia la uongo.

TUFANYE NINI?

1. Pima nyumbani kabla mnunuzi hajafika. Andika kwenye daftari: tarehe, kiasi, bei, jina la mnunuzi na namba yake ya simu.

2. Linganisha mikebe. Chukua chupa ya lita moja ya maji, ujaze gorogoro yako na uhesabu. Kisha fanya hivyo na ya mnunuzi. Maji hayadanganyi, na hayaweki kilele.

3. Uzeni pamoja. Mama mmoja mwenye gunia moja na shida ya karo hana nguvu. Akina mama ishirini wenye magunia ishirini wataambiwa, "Haya, leteni mizani yenu."

4. Kikundi kichange kununua mizani moja, ipelekwe kukaguliwa na kupigwa mhuri. Hiyo ni mali ya kikundi, kama vile viti na sufuria za matanga.

5. Ukinunua nyama au sukari, angalia kwanza mshale uko kwenye sufuri kabla kitu hakijawekwa. Simama mahali unapoona uso wa mizani. Uliza mhuri wa mwaka huu.

6. Ukidanganywa, usinyamaze. Rudi ukiwa na shahidi, ongea kwa heshima. Akikataa, mwone chifu au nenda kwa maofisa wa mizani wa kaunti ukiwa na daftari lako. Daftari linasikizwa kuliko machozi.

KWA NINI TUNANYAMAZA?

Narudi kwenye swali la tatu, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Mimi mwenyewe, na diploma yangu, nilinunua sukari kilo mbili dukani, nikaipima nyumbani nikakuta imepungua. Sikurudi. Niliona haya kubishana juu ya kitu kidogo mbele ya watu wanaonijua. Baadaye nilijiuliza: kama mimi ninayefundisha wengine naona haya, mama aliye na mtoto mlangoni na barua ya shule mkononi atafanya nini?

Haya hiyo si yetu. Ni ya yule mwenye mikebe miwili.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila mtu alete gorogoro anayotumia nyumbani. Jazeni zote kwa maji, mwandike matokeo kwenye karatasi kubwa. Halafu mjibu: Kati yetu wenyewe, je, kipimo chetu ni kimoja?