Kusasisha na Kufuta Plagini Bila Kuangusha Tovuti

Ukifungua dashibodi ya WordPress ukakuta kiduara chekundu chenye namba pembeni ya neno "Plugins", usikipite. Namba hiyo ni idadi ya plagini zinazosubiri toleo jipya. Na kila moja imeshika kazi kwenye tovuti yako: fomu ya mawasiliano, duka, ramani, malipo.

Huhitaji kujua kuandika msimbo ili uzitunze. Unahitaji utaratibu. Huu hapa.

Usiache zikae

Septemba 2020, plagini ya WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, iligundulika kuwa na tundu. Mtu yeyote, bila nenosiri, aliweza kupandisha faili lake kwenye seva ya mwenzake. Toleo 6.9 liliziba tundu hilo. Waliosasisha walifunga mlango. Waliosubiri waliuacha wazi, huku habari za tundu lenyewe zikiwa zimeshaenea kila kona.

Ndivyo mambo yanavyokwenda. Toleo la kuziba tundu likitoka, wadukuzi nao wanalisoma na kuanza kutafuta tovuti ambazo bado hazijasasishwa. Yako isiwe mojawapo.

Bekapu kwanza

Tovuti yako ina sehemu mbili: mafaili na hifadhidata. Picha, plagini na themu ziko kwenye mafaili. Makala, oda na majina ya wateja viko kwenye hifadhidata. Bekapu yenye sehemu moja tu ni nusu bekapu.

Plagini ya UpdraftPlus, hata ile ya bure, inachukua zote mbili na kuzipeleka Google Drive. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti pia zinaweka kitufe cha bekapu ndani ya cPanel, paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva. Tumia chochote ulicho nacho, ila nakala ikae nje ya seva yako. Seva ikipata matatizo, bekapu iliyokuwa ndani yake inapotea nayo.

Kama unauza mtandaoni, chukua bekapu dakika chache kabla ya kusasisha. Bekapu ya jana haina oda za leo.

Chagua saa yako

Sasisha wakati wageni ni wachache na wewe huna haraka. Asubuhi na mapema katikati ya wiki ni wakati mzuri: likitokea jambo, una siku nzima mbele na watu wa msaada wa kampuni inayohifadhi tovuti wapo kazini. Ijumaa jioni achana nayo.

Soma kabla ya kubonyeza

Chini ya jina la plagini kuna maneno "View version details". Bonyeza, kisha fungua sehemu ya "Changelog". Ukiona neno "security", plagini hiyo isasishe leo, usingoje kesho.

Tazama pia namba. Kutoka 4.2.1 kwenda 4.2.2 kwa kawaida ni marekebisho madogo. Kutoka 4.9 kwenda 5.0 mara nyingi ni mabadiliko makubwa. Kama hakuna suala la usalama, toleo kubwa unaweza kulisubirisha wiki moja au mbili. Wenzako watakutana na kasoro zake, na watengenezaji watakuwa wameshazirekebisha.

Moja baada ya nyingine

Kuna kisanduku cha kuchagua zote na kusasisha kwa mkupuo. Kiache. Ukisasisha plagini 14 kwa pamoja na tovuti ikaharibika, hutajua mkosaji ni nani.

Anza na ndogo. Bonyeza "Update Now", subiri maandishi yabadilike kuwa "Updated!", kisha fungua tovuti uikague. Halafu nenda kwenye inayofuata. Plagini nzito kama WooCommerce na Elementor ziache mwisho, na zile zinazozitegemea zisasishe katika kikao hichohicho. Kazi ikiwa inaendelea, usifunge ukurasa wala usihamie kwingine.

WooCommerce ikishasasishwa inaweza kukuomba usasishe hifadhidata pia. Kubali. Bekapu si unayo?

Kagua kama mteja

Wewe umeshaingia kama msimamizi, kwa hiyo unaweza usione kile anachokiona mgeni. Safisha kashe ya tovuti kwanza. Kisha fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, au shika simu, ufanye yale anayofanya mteja.

Tuseme una duka la vitenge mtandaoni na wateja wako wanalipa kwa M-Pesa. Tafuta kitenge, kiweke kwenye kikapu, nenda hadi kwenye malipo. Tengeneza bidhaa ya majaribio ya bei ndogo kabisa, ulipe kweli kwa simu yako. Hakikisha ombi la namba ya siri limefika kwenye simu, oda imeandikwa kuwa imelipwa, na barua pepe ya uthibitisho imeingia. Plagini ya malipo ikiharibika, ukurasa unaweza kubaki mzuri tu huku pesa haziingii.

Kama tovuti yako ni ya shule au ofisi, jaza fomu ya mawasiliano na uhakikishe ujumbe umekufikia.

Ikigoma, fanya hivi

Tulia. Mara nyingi ni jambo la dakika chache.

Ukikwama kwenye maandishi "Briefly unavailable for scheduled maintenance", usasishaji ulikatika katikati. Ingia File Manager ya cPanel, fungua folda kuu ya tovuti, na ufute faili linaloitwa .maintenance. Usipoliona, nenda "Settings" na uweke alama kwenye "Show Hidden Files", maana faili linaloanza na nukta huwa limefichwa. Kisha rudia kusasisha plagini iliyokatikia njiani.

Ukiona "There has been a critical error on this website", angalia barua pepe ya msimamizi. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress hutuma ujumbe unaotaja plagini iliyoleta kosa, pamoja na kiungo cha kuingilia dashibodi kwa dharura. Ingia hapo, uizime. Hakikisha leo kwamba anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye "Settings" ya WordPress ni yako na bado unaisoma.

Ujumbe usipofika, rudi File Manager, fungua wp-content, halafu plugins. Badilisha jina la folda ya plagini husika, kwa mfano uongeze neno "-zima" mwishoni. WordPress ikishindwa kuipata, inaizima yenyewe, na tovuti inarudi.

Unataka toleo la zamani? Plagini ya WP Rollback inakurudisha kwa zile zilizotoka kwenye maktaba rasmi ya WordPress. Ila kama toleo jipya liliziba tundu la usalama, usikae sana kwenye la zamani. Yote yakishindikana, rudisha bekapu.

Zipi zijisasishe zenyewe?

Tangu toleo 5.5, Agosti 2020, plagini nyingi zina maneno "Enable auto-updates" pembeni yake. Yatumie kwa kuchagua.

Washa kwa plagini za usalama na zile ndogo zisizogusa pesa wala mwonekano wa kurasa. Duka, malipo na vijenzi vya kurasa sasisha kwa mkono, ukiwa macho. Kuanzia toleo 6.6, Julai 2024, plagini iliyojisasisha ikileta kosa la kuangusha tovuti, WordPress huirudisha kwenye toleo la awali. Ni msaada mkubwa. Lakini haitajua kwamba fomu yako imeacha kutuma ujumbe. Hilo linabaki kazi yako.

Za kulipia zina jambo lake

Plagini ya kulipia ambayo leseni yake imeisha kwa kawaida inaendelea kufanya kazi, ila haipati tena matoleo mapya. Ndiyo maana wengi hawagundui. Andika tarehe ya leseni kwenye kalenda. Kama huna mpango wa kuilipia tena, tafuta mbadala wa bure sasa hivi.

Na zile za kulipia zinazogawiwa bure mitaani, leseni ikiwa imevunjwa, usiziguse. Hujui kilichopachikwa ndani, na huwezi kuzisasisha kwa njia halali. Kama fundi alikuwekea moja, itoe.

Zipi zifutwe?

Pitia orodha yako na ujiulize kuhusu kila plagini: inafanya kazi gani, nani anaihitaji, na mtengenezaji wake bado yupo? Ukikosa jibu la swali moja, iweke kwenye orodha ya kuondoka.

Hizi ndizo huwa za kwanza kutoka:

- Zilizozimwa muda mrefu. Kuzima si kufuta. Mafaili yake bado yako kwenye seva, na baadhi ya matundu yanaweza kutumika hata plagini ikiwa imezimwa.
- Zilizotelekezwa. Fungua ukurasa wake kwenye maktaba ya WordPress uone ilisasishwa lini. Ukikuta tangazo kwamba plagini imefungwa, tafuta mbadala mara moja. Usitegemee dashibodi ikwambie.
- Zinazorudia kazi. Plagini mbili za kashe, au mbili za SEO, zinagombana. Bakiza moja.
- Za kazi ya mara moja. Ile uliyotumia kuhamisha tovuti au kuingiza makala za zamani imeshamaliza kazi yake.
- Zilizopitwa na wakati. Toleo 5.5 lilileta ramani ya tovuti na upakiaji wa picha kwa zamu ndani ya WordPress yenyewe. Kama uliweka plagini kwa ajili ya hayo tu, huenda huihitaji tena.

Namna ya kuifuta vizuri

Chukua bekapu. Ndiyo, tena.

Kisha fungua mipangilio ya plagini yenyewe kabla ya kuizima. Plagini nyingi za kashe huweza kuacha faili liitwalo advanced-cache.php na mstari kwenye wp-config.php, kwa hiyo safisha kashe na uizime kwanza kutoka ndani. Wordfence nayo ina chaguo la kufuta majedwali yake inapozimwa. Kama umewasha ulinzi wake wa hali ya juu, uondoe kwanza kupitia mipangilio yake. Ukifuta faili lake moja kwa moja kwenye seva, tovuti nzima inaweza kuanguka.

Hamisha data unayoitaka. Ukibadilisha plagini ya SEO, kwa mfano Yoast kwa Rank Math, ingiza vichwa na maelezo ya kurasa kwenye mpya, hakikisha yamefika, ndipo uitoe ya zamani.

Sasa bonyeza "Deactivate" na usubiri wiki moja. Katika wiki hiyo pitia kurasa zako muhimu. Plagini nyingi huwekwa kwenye ukurasa kwa msimbo mfupi ulio kwenye mabano ya mraba. Plagini ikizimwa, msimbo huo unajitokeza wazi mbele ya wageni: pale palipokuwa na fomu, sasa kuna [contact-form-7 id="123"]. Ukikuta mstari wa namna hiyo, hariri ukurasa, uufute au uweke fomu mpya.

Wiki ikipita salama, bonyeza "Delete" na usome swali linalokuja. Kwa plagini nyingine, WordPress inauliza tu kama una uhakika wa kuifuta. Kwa nyingine inaongeza maneno "and its data", yaani na data yake. Ukiona hayo, simama. Mipangilio yake, na pengine ujumbe wote wa wateja, vinaweza kuondoka moja kwa moja. Endelea ukiwa na uhakika kwamba huvihitaji.

WooCommerce ni tofauti kidogo: ukiifuta kwa njia ya kawaida, bidhaa na oda zako zinabaki kwenye hifadhidata hadi uiamuru vinginevyo kwa mstari maalumu ndani ya wp-config.php.

Usifute folda moja kwa moja kwenye seva ilhali dashibodi inafunguka. Ukipitia dashibodi, plagini inapata nafasi ya kusafisha masalia yake. Na masalia yaliyobaki kwenye hifadhidata usiyafute kwa kubahatisha. Kama huna uhakika jedwali ni la nani, mwachie fundi.

Weka ratiba

Mara moja kwa wiki: bekapu, kusasisha, kukagua. Plagini zikiwa chache na umezoea, haikuchukui muda mrefu. Mara moja kila miezi mitatu: pitia orodha nzima na ufute zisizo na kazi.

Fungua ukurasa mmoja wa daftari au jedwali kwenye simu. Andika jina la plagini, kazi yake, tarehe ya leseni na barua pepe iliyotumika kuinunua. Siku ukibadilisha fundi, ukurasa huo utakuokolea muda na pesa.

Kama tovuti ni ya ofisi, shule au kikundi, mpe mtu mmoja jukumu hili na ulitaje jina lake. Kazi ya wote haina mwenyewe, na plagini zinazosubiri wote husubiri mwaka mzima.

Usingoje tovuti ipate shida ndipo uanze. Leo chukua bekapu, sasisha zile zenye neno "security", na ufute plagini moja ambayo huna kazi nayo.